Mijusi wa dukani Mwanza: nunua aliyetotolewa, usinunue aliyekamatwa

Duka ninalolizungumzia lipo katikati ya jiji la Mwanza. Kwa sehemu kubwa huuza ndege, sungura na samaki wa mapambo, lakini siku hizi limeweka pia rafu ya mijusi wa kufuga. Jina lake silitaji. Rafu hiyo ina mijusi wa aina mbili, na tofauti yao kubwa ni namna walivyopatikana.

Wa kwanza ni geko chui, ambaye asili yake ni maeneo makavu ya Afghanistan, Pakistan na India. Hawa wa dukani wametotolewa kwa mfugaji, na wazazi wao vilevile. Muuzaji alinionyesha kadi yenye tarehe ya kutotolewa, kisha, bila kuombwa, akadondosha panzi ndani ya tangi la kioo. Geko alitikisa ncha ya mkia, akanyemelea, akamdaka. Mkia wenyewe ulikuwa mnene, jambo ambalo mnunuzi anapaswa kulitazama kabla ya yote, kwa kuwa humo ndimo geko huyu huhifadhi mafuta. Ukiwa umesinyaa, ana njaa au anaumwa. Macho yalikuwa maangavu, na vidoleni hapakuwa na mabaki ya ngozi kuukuu. Kwa upande huu duka linastahili sifa, ingawa tangi halikuwa na kipimajoto, na mfugaji mgeni hawezi kukisia joto kwa kiganja.

Tangi la pili lilinihuzunisha. Humo walikuwamo agama wa Mwanza waliokamatwa kwenye majabali ya hapa hapa. Dume wa agama huyu akiwa huru juu ya jiwe lake huwa na kichwa na mabega ya rangi ya waridi iliyokolea, na mwili wa buluu. Huyu wa dukani alikuwa amefifia akawa kahawia, pua imechubuka kwa kujisugua kwenye kioo, na kwenye mkunjo wa kwapa utitiri wekundu walikuwa wamejazana. Mjusi wa porini huweza kuishi na minyoo tumboni bila kudhoofika sana, lakini akifungiwa, akakosa maji na kuishi kwa hofu, minyoo hiyo humzidi nguvu. Wengi hugoma kula. Bei yake ilikuwa ndogo kuliko ya geko, na hiyo ndiyo inayowaponza wanunuzi.

Nilipoomba kuonyeshwa kibali cha kukamata wanyamapori, kinachotakiwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, muuzaji alinijibu, "Dada, hawa si mijusi tu?" Hoja hiyo siikubali. Mjusi mdogo wa buluu wa msitu wa Kimboza, Morogoro, alikamatwa kwa ajili ya soko la nje, huku miti ya jamii ya mkadi anamoishi ikikatwa ili afikiwe, hata mwaka 2016 nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, zikaamua kumpa ulinzi wa juu kabisa.

Anayetaka kumfuga mjusi amnunue geko, na aombe kadi yake. Anayempenda agama apande boti hadi Kisiwa cha Saanane asubuhi yenye jua, wakati madume wanapotoka kuota juu ya mawe. Duka nalo lisinunue tena agama kwa vijana wanaowaleta.