Moduli ya mafuta ya pikipiki: ipi ya kwanza, ipi ya mwisho

Moduli ya mafuta ni kifaa cha umeme kinachorekebisha kiasi cha mafuta kinachoingia kwenye injini. Kama ekzosi na chujio la hewa bado ni vya kiwandani, usinunue moduli yoyote. Na kama pikipiki ni ya kabureta, unachohitaji ni jeti (kitundu kinachopima mafuta ndani ya kabureta).

1. Kuandika upya programu ya ECU, yaani kompyuta ya injini. Hakuna kinachoishinda, kwa kuwa inabadilisha mafuta pamoja na muda wa cheche, bila waya za ziada. Ila programu ya ECU yako iwe inaweza kufunguliwa, na fundi awe na daino (mashine ya kupima nguvu ya injini). Chaja ibaki kwenye betri muda wote: umeme ukishuka katikati ya kazi, ECU inaweza kufa.

2. Moduli yenye sensa pana ya oksijeni. Hii ndiyo tunayowashauri wengi, hasa anayetarajia kubadilisha ekzosi tena. Hukaa kati ya ECU na injekta (kinyunyizio cha mafuta), ikirefusha au kufupisha muda ambao injekta iko wazi kulingana na kasi ya injini na kiasi ulichofungua mafuta kwa mkono wa usukani. Power Commander ya Dynojet, ikiongezewa Auto Tune, iko kundi hili. Sensa ya kawaida ya kiwandani inajua tu kama uko juu au chini ya 14.7:1 (sehemu 14.7 za hewa kwa moja ya mafuta), sensa pana inasoma kiwango chenyewe, hivyo unaweza kulenga karibu 13:1 mafuta yakiwa yamefunguliwa yote.

Nati ya sensa ichomelewe kwenye ekzosi kabla ya katalisti (kisafisha moshi), sensa ikiinuka angalau digrii 10 juu ya mlalo ili maji yasiingie. Kagua gasketi ya ekzosi kwanza. Ikivuja kabla ya sensa, hewa ya nje inaingia, sensa inadhani mafuta ni machache, moduli inazidisha, na plagi za cheche zinakuwa nyeusi tii.

3. Moduli yenye ramani tu, yaani jedwali la kiasi cha mafuta lililopangwa tayari, bila sensa pana. Inafaa endapo ramani ilitengenezwa kwa modeli, mwaka, ekzosi na chujio kama vyako. Uliza kama inakuja na plagi ya kuzima sensa ya kiwandani. Bila hiyo, kwenye mwendo wa kawaida ECU itaendelea kuondoa mafuta ambayo moduli inaongeza.

4. Plagi ya sensa ya joto la hewa. Inaidanganya ECU kuwa hewa ni baridi kuliko ilivyo. Hupunguza kushtuka kwa mwendo mdogo, basi.

Wakati wa kufunga, chomoa hasi ya betri kwanza. Andika namba ya silinda kwenye kila soketi kabla ya kuichomoa. Waya wa hasi wa moduli uende moja kwa moja kwenye betri, si kwenye fremu yenye rangi au kutu, na nyaya zikae mbali na koili na ekzosi. Geuza usukani pande zote mbili uone kama kuna waya unaobanwa chini ya tangi. Kisha, switchi ikiwa imewashwa na injini imezimwa, ifundishe moduli mkao wa mafuta: yakiwa yamefungwa kabisa, halafu yamefunguliwa yote. Injini ikimisi silinda moja mara tu baada ya kuwaka, usiguse ramani. Angalia kwanza soketi ya injekta ambayo haikubana.