Tommy Douglas na Bob Rae: njia mbili za kiongozi wa jimbo

Wote wawili walikuwa wabunge wa Canada mjini Ottawa kabla ya kurudi kuongoza vyama vya mrengo wa kushoto majimboni. Baada ya hapo kila mmoja alishika njia yake.

Douglas, mchungaji wa Kibaptisti, alitwaa uongozi wa jimbo la Saskatchewan mwaka 1944 akashinda chaguzi tano mfululizo. Hakuwa na haraka. Alianza na bima ya hospitali mwaka 1947. Bima ya matibabu kwa wote ilikuja 1962, yeye akiwa ameshakwenda kuongoza chama kipya cha mrengo wa kushoto, NDP, kitaifa. Mrithi wake, Woodrow Lloyd, ndiye aliyebaki kukabiliana na mgomo wa madaktari walioipinga bima hiyo. (Sifa zikaenda kwa Douglas, lakini jasho lilikuwa la Lloyd.) Mwaka huohuo wapiga kura wa Regina, mji mkuu wa Saskatchewan, wakamnyima Douglas kiti cha ubunge.

Rae, wa NDP, alipata jimbo la Ontario mwaka 1990, kwa viti 74 kati ya 130, uchumi ukiwa tayari unaporomoka. Mwaka 1993 alifungua upya mikataba ya watumishi wa umma na kuwalazimisha wachukue siku za likizo bila malipo. Vyama vya wafanyakazi, nguzo ya chama chake, havikumsamehe. Mwaka 1995 alibakiwa na viti 17, na 2006 akahamia chama cha Liberal, cha mrengo wa kati.

Kwangu, Rae hakuwa mwanasiasa dhaifu kuliko Douglas. Alikosa muda, na alikata tawi alilokalia.