Saanane: masaa matatu na pimbi kabla ya kupanda ndege

Watu wa Dar mnaoendaga Mwanza kwa harusi au kikazi mkabaki na nusu siku kabla ya ndege, msilale hotelini, nendeni Saanane, kisiwa cha Ziwa Victoria. Mi dada wa mapokezi pale nilipofikia aliniambia "dada angu kule kuna mawe tu", na kweli kuna mawe tu, ila utamu ndo upo hapo.

Boti unapandia Capri Point hapohapo mjini, dakika chache ushafika, yaani foleni ya pantoni Kigamboni inakula muda kuliko hii safari nzima. Ni hifadhi ya taifa kabisa tangu 2013, tena ndogo kuliko zote nchini, kilomita za mraba 2.18 na hapo maji ya ziwa yamehesabiwa, kwa iyo ukija na Mikumi kichwani utanuna mapema. Swala pala na pundamilia wapo, tumbili wa kumwaga, tembo sahau. Jina ni la mzee Saanane Chawandi, mkulima na mvuvi aliyekuwa na makazi hapo kabla serikali haijapafanya zuu mwaka 1964.

Sasa pimbi aisee, kale kamnyama kama sungura mnene wa masikio mafupi! Asubuhi wamejianika juu ya mawe familia nzima kama nguo za mtoto mchanga, miili yao haijui kujipasha joto vizuri ndo maana wanalisubiri jua kwanza halafu maisha mengine baadae. Muongozaji akasema huyo ni ndugu wa tembo, nkacheka, akanambia angalia meno yake ya mbele, kweli bwana yamechongoka kama vipembe. Halafu kuna mijusi ya kwenye mawe, dume lina kichwa na mabega ya pinki, huku chini bluu, limekaa kwenye jiwe linapiga pushapu, nikajua kuna mtu kalipaka rangi. Miaka yote Sinza naishi na mijusi sijawahi kuona kitu kama kile.

Mawe yenyewe yamebebana mpaka unaogopa kupita chini yake, ukipanda juu mji uko upande huu na ziwa upande ule. Mi nilivaa sendo, nikashuka kwa makalio mbele za watu. Vaeni raba.

Na muende asubuhi. Mdogo wangu nilimsifia sana hicho kisiwa, yeye akaenda saa saba mchana, pimbi wote wamejificha kwenye nyufa, akaambulia jua na mawe, mpaka leo ananiita tapeli.