Kutoka daftari la solfa hadi MuseScore kwa njia ya ABC: uzoefu wangu

Mwalimu wa kwaya mwenye daftari lililojaa solfa na mfuko usio na hela ya programu ya nota, nikuambie mapema: njia ya kuandika ABC kisha kuigeuza kuwa MusicXML, aina ya faili ambayo programu nyingi za nota huifungua, inafanya kazi, haina malipo, na hata kompyuta kuukuu inaimudu. Nota hazitakusumbua sana. Maneno ya Kiswahili ndiyo yatakayokutoa jasho.

ABC ni muziki ulioandikwa kwa herufi za kawaida za kibodi. Ilianzishwa na Chris Walshaw wa Uingereza, aliyetoa programu yake ya abc2mtex mwaka 1993, na ilikusudiwa nyimbo za kienyeji za sauti moja. Sisi huku Eastlands, Nairobi, tunaibebesha kwaya nzima ya sauti nne, na inabeba. Juu unaweka X: ya namba, T: ya jina, M: ya mapigo, L: ya urefu wa nota, halafu K: ya ufunguo, ambayo lazima iwe ya mwisho. Chini yake ni herufi tupu. Do ya katikati ya kinanda ni C kubwa, oktava ya juu ni c ndogo, na oktava ya chini ni C yenye mkato (C,).

Aliyelelewa na solfa hapati shida hapa, kwani hata sisi tunaweka mkato chini ya s kuonyesha so ya chini. Tofauti ni kwamba do yetu inahama na C haihami. Dawa yake ni rahisi. Andika wimbo wote kana kwamba do ni C: r iwe D, m iwe E, hadi t iwe B, fe ni ^F na ta ni _B. Ukiweka L:1/4, herufi moja ni pigo moja, nusu pigo ni C/ na mvuto wa mapigo mawili ni C2. Ukimaliza, abc2abc, programu ndogo iliyomo kwenye furushi la abcMIDI, itaupandisha wimbo mzima. Inahesabu nusutoni, kwa hiyo -t 5 inautoa C na kuufikisha F. Kwangu hiki ndicho kipande kitamu kuliko vyote, maana hakuna kukokotoa shapu na flati kichwani usiku ukiwa na usingizi.

Uandishi wenyewe fanyia kwenye kompyuta. Simu ina tabia ya kuanza kila mstari kwa herufi kubwa bila kuulizwa, na kwenye ABC hilo si kosa la tahajia, ni oktava nzima imeanguka. Na ukitaka kuwatumia wenzako kwa WhatsApp, tuma kama faili, usibandike kwenye ujumbe. WhatsApp inatumia nyota (*), mstari wa chini (_) na kiwimbi (~) kupambia maandishi, na hizo hizo ndizo alama za ABC.

Kugeuza kunafanywa na abc2xml ya Willem Vree, ambayo ni faili ya Python. Asiyependa kuandika amri atumie EasyABC: unaandika huku, mistari mitano inajichora kule, unasikiliza, kisha unatoa MusicXML kutoka kwenye menyu. MuseScore, programu ya bure ya kuandikia nota, haifungui ABC moja kwa moja, lakini MusicXML inaifungua vizuri, sawa na programu nyingine za nota kama Sibelius na Dorico. Wale waliokuwa na kazi zao zote ndani ya Finale, programu nyingine ya nota, wanajua thamani ya hilo tangu Agosti 2024, MakeMusic ilipotangaza kwamba inaiacha programu hiyo.

Sasa maneno. Unaandika w: chini ya mstari wa nota, na kila silabi inakamata nota moja. Kistari kinatenga silabi, mstari wa chini unavuta silabi hadi nota inayofuata, nyota inaruka nota, na kiwimbi kinabana maneno mawili chini ya nota moja, kama tunavyoimba na~u-we. Kata silabi kwa mkono wako mwenyewe. Nimeona makaratasi yaliyochapwa yakiwa na Twen-de nyum-ba-ni, na waimbaji wanafunga midomo kwenye n na m kabla ya wakati. Andika Twe-nde nyu-mba-ni. Na m ya mtoto ina nota yake: M-to-to. Ukikosa silabi moja tu, maneno yote yanayofuata kwenye mstari huo yanasogea, kwa hiyo andika baa (vyumba vya mapigo) nne nne na w: yake kila mara, kosa likitokea haliendi mbali. Beti za pili na tatu ni w: nyingine chini ya ile ya kwanza.

Kwa wanaojifunza kwa sikio, abc2midi, nayo ya furushi la abcMIDI, inatoa MIDI, yaani faili ya kompyuta kupiga wimbo, na ukiandika %%MIDI program 19 wanasikia kinanda cha kanisa. Hiyo ni njia ya kwenda tu. MIDI haijui kama ni F shapu au G flati, zote kwake ni 66, na urefu wa nota ukirudishwa kwenye karatasi unakisiwa. Tovuti moja ya bure iliyoahidi kugeuza MIDI kuwa nota ilinipa tenori iliyojaa mapumziko ambayo hakuna aliyeyaimba. Omba MusicXML kila unapoweza.

Mpiga kinanda akirekebisha kitu kwenye MuseScore, xml2abc, ya Vree huyo huyo, inanirudishia maandishi. Naiamuru -b 4 ili baa zisirundikane kwenye mstari mmoja mrefu. Nota, maneno na kodi (chords) vinarudi. Mpangilio wa kurasa ndio unaopotea. Anayetaka kurasa zibaki jinsi zilivyo, mpe PDF aende nayo sayba akachapishe.