Sedani ya Familia kwa Kigoma: Anza na Namba ya Chesisi, Nyota Baadaye

Dalali akikwambia gari "lina nyota tano", muulize nyota hizo alizitoa nani na zilipewa gari la mwaka gani. Nyota hupewa gari jipya lililogongeshwa kwenye majaribio. Gari unaloonyeshwa Mwanga au Ujiji ni mtumba wa miaka kumi na zaidi, pengine limeshagongwa na kunyooshwa. Kwa hiyo hapa magari yamepangwa kwa mambo mawili: bodi ilivyofanya kwenye majaribio, na kama kasoro ambazo kiwanda kiliyaita magari yake yarudi kutengenezwa zilirekebishwa. La pili ndilo zito zaidi, na sababu ni eabegi (mifuko ya kinga inayojaa hewa ajalini) za kampuni ya Takata ya Japani.

Eabegi hizo zilijazwa kwa nitrati ya amonia. Joto na unyevunyevu vikipishana mwaka hadi mwaka, kemikali hiyo huharibika. Siku ya ajali huwaka kwa kasi kupita kiasi, kopo lake la chuma linapasuka, na vipande vinamrukia usoni na shingoni yule aliyetakiwa kuokolewa. Marekani peke yake yaliitwa makopo yapatayo milioni 67, na sehemu za joto na unyevu kama Florida na Hawaii zikatangulizwa. Kigoma tuna mvua kuanzia Oktoba hadi Mei na joto la kando ya ziwa, kwa hiyo jambo hili linatuhusu moja kwa moja. Injini kuunguruma vizuri hakukuonyeshi lolote kuhusu eabegi.

Kukagua hakuna gharama. Chukua namba ya chesisi kwenye kadi ya gari, ilinganishe na iliyogongwa kwenye bodi, kisha iingize kwenye ukurasa wa Toyota Japani wa kutafuta magari yaliyoitwa. Nissan Japani nao wana wa kwao. Kurasa hizo ni za Kijapani, lakini simu inatafsiri. Usitumie tovuti ya Marekani kwa gari la Japani: ile inataka namba ya tarakimu na herufi 17, wakati za Japani ni fupi, mfano zinazoanza na ZRT260 kisha mstari. Halafu angalia gari liliingia nchini lini. Tangu Mei 2018 Japani ilianza kuyanyima ukaguzi wa lazima magari yenye eabegi hatari za Takata ambazo hazijabadilishwa. Lililotoka huko kabla ya hapo lichunguze mara mbili.

1. Toyota Camry ya 2006–2011. Kwenye majaribio ya IIHS, taasisi ya usalama barabarani ya kampuni za bima za Marekani, toleo hili lilipata daraja la juu kwa kugongwa mbele na ubavuni. Tahadhari: la Marekani lilikuja na eabegi za pazia za pembeni, ila la Japani huenda halina. Tafuta maandishi SRS AIRBAG kwenye nguzo za milango na ubavuni mwa viti; yasipokuwepo, usilihesabie daraja lile la ubavuni. Habari ya pedali ya mafuta kunata iliyovuma 2010 ilihusu pedali zilizotengenezwa na kampuni ya CTS, na Camry zilizotengenezwa Japani hazikuwa nazo. Ila suala la kapeti kubana pedali linahusu gari lolote: ukitandika kapeti nene juu ya lile la kiwandani, pedali inaweza kukwama chini. Weka moja tu, lililoshikwa na vishikizo vyake. Injini yake ya 2AZ hula oili, kwa hiyo vuta kijiti upime.

2. Subaru Legacy ya 2009–2014. Kwa bodi pekee ingekuwa ya kwanza, IIHS waliiweka kwenye orodha yao ya magari bora kwa usalama. Imeshuka kwa sababu toleo hili liliitwa Marekani kwa eabegi ya abiria wa mbele, na vipuri vyake huku ni vya kuagiza.

3. Toyota Premio na Allion za kuanzia 2007. Zilitengenezwa kwa soko la Japani, kwa hiyo anayekutajia nyota zake za Ulaya anabahatisha. Zipo hapa kwa kuwa kila fundi anazijua na breki zake hupatikana. Chagua yenye VSC, mfumo unaozuia gari kuserereka: taa ya gari linaloserereka iwake ukifungua swichi. Kwenye utelezi wa masika utaona faida yake.

4. Toyota Mark X ya kuanzia 2009. Ina nguvu na imetulia kwenye lami, lakini nyingi husukumwa na magurudumu ya nyuma. Tairi zikiwa vipara haifai kubebea familia wakati wa mvua.

5. Toyota Corolla za 2000–2006. Marekani, Corolla za 2003 hadi 2013 ziliitwa kwa Takata. Bila uthibitisho wa marekebisho, achana nayo hata bei ikiwa ya kutupa.

Kuhusu Honda Accord na Civic za 2001–2002: baadhi ya makopo yake yalipojaribiwa Marekani, uwezekano wa kupasuka ulifika hadi asilimia 50. Zisizorekebishwa usiziendeshe kabisa.

Ukifika kwenye gari, weka funguo kwenye ON bila kuwasha. Taa ya SRS, yaani ya eabegi, iwake kama sekunde sita, izimike. Isipowaka kabisa, kuna aliyeitoa balbu. Isipozimika hadi uwashe injini, ikazimika sekunde ileile na taa ya oili, imeungwa nayo, jambo linalofanywa kuficha eabegi iliyokwisha kufyatuka. Pitisha kidole juu ya dashibodi upande wa abiria: mpasuo uliogundishwa au ngozi iliyovalishwa upya ni jibu tosha. Vuta kila mkanda hadi mwisho, angalia nyuzi, kisha uukwapue ghafla, usiposhika, haufai.

Na ukigundua eabegi ni ya Takata, usimruhusu fundi wa mtaani aichomoe, na usinunue nyingine kwenye magari ya kukatwa, kwa sababu huenda ni ileile. Muulize wakala rasmi wa chapa hiyo, kabla hujalipa, kama atabadilisha kwa gari lililoagizwa mtumba na kwa masharti gani. Kama tatizo ni la upande wa abiria, kiti cha mbele kibaki kitupu hadi kazi hiyo iishe.