Kurudi kazi ileile au kubadili fani kabisa?

Kazi ikishakuchosha mpaka ukaishiwa kabisa, unabaki na njia mbili, urudi palepale kwa masaa machache au uanze fani mpya. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilisema hii hali, kwa Kiingereza burnout, si ugonjwa, inatokana na stresi ya kazini ya muda mrefu isiyodhibitiwa, na ina sura tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi, na kuona hufanyi cha maana.

Sasa hapo ndo pa kujichunguza. Kama ni uchovu tu na kazi bado unaipenda, kurudi kunalipa, ujuzi unao, mshahara unaendelea hata ukipungua, ila bosi akubali kupunguza mzigo kwa maandishi, maana ahadi za mdomo wiki ya tatu zishasahaulika na wewe ushaanza tena kujibu meseji saa tano usiku (tunajuana).

Kubadili fani kunafaa kama kazi yenyewe imeshakutoka moyoni. Lakini unaanza chini, hela inapungua, na ukihama ukiwa bado hoi unahama na uchovu wako. Mi ningerudi nusu siku kwanza, kuacha kupo tu.