Skrubu na saruji kwenye nyonga: uzoefu wangu wa upasuaji wa matundu madogo

Saratani yangu ya titi ilikuwa imefika kwenye mfupa wa nyonga, juu kidogo ya kikombe kinachobeba kichwa cha paja, ikaula hadi nikashindwa kukanyagia mguu wa kulia hata kwa kwenda msalani. Mionzi ilinipunguzia maumivu ya usiku, lakini nguvu ya kusimama haikurudi, kwa kuwa mfupa uliolika huchukua miezi kujijenga upya, kama utajijenga. Hospitali niliyoanzia nyumbani iliniambia nilale tu nisikanyage. Ni huko Chennai, India, ndiko nilikoelezwa kwamba mfupa wa namna hii unaweza kuimarishwa bila kupasuliwa nyonga nzima.

Nikiwa chini ya dawa ya usingizi, daktari bingwa wa mifupa alitoboa matundu madogo na, akiongozwa na picha za eksirei, akapitisha waya mwembamba ndani ya mfupa. Juu ya waya huo aliingiza skrubu ndefu zenye uwazi katikati, zikapishana juu ya kikombe kama fito za nyumba ya udongo kabla ya kukandikwa, kisha akajaza saruji ya mifupa, yaani aina ya plastiki laini inayoganda na kuwa ngumu, katika pengo lililoachwa na uvimbe wa saratani. Alikuwa amenieleza mapema kuwa kudunga saruji mfupani kwa sindano kulianzia Amiens, Ufaransa, mwaka 1984, kwenye pingili ya shingo, na hakunificha hatari yake: saruji inaweza kuvuja ikagusa neva, au ikaingia kwenye mshipa wa damu na kufika mapafuni.

Kesho yake nilisimamishwa. Nilitua kisigino, kisha wayo mzima, nikiungoja ule mchomo wa kinena, na haukuja. Vidonda vilivyofungwa kwa uzi mmoja au miwili viliuma kwa namna nyingine kabisa, na vidonge vya kawaida vilitosha. Ninachokithamini zaidi ni kwamba, kwa udogo wa vidonda hivyo, dawa za saratani hazikusimama kwa muda mrefu.

Gharama ni kubwa mno, na bima yangu haikulipia skrubu. Hata hivyo, ningemsihi mwenye maumivu ya kukanyaga aombe kuonwa na bingwa wa mifupa kabla mfupa haujavunjika. Saratani yenyewe bado ipo. Naendelea na dawa pamoja na sindano za kuimarisha mifupa, na kliniki hukagua skrubu kwa eksirei, kwani uvimbe ukikua tena unaweza kuzilegeza.